Dawa ya Presha ya Nasimiyu

Jumatatu, Machi 3

Mvua bado. Vumbi la malori limeingia hadi ndani ya kabati la vioo, nami nimefunga Ramadhani na koo limekauka, lakini leo sina haki ya kulalamika. Mujib amekuja kutoka Busia na katoni ya dawa za kinga, vipimo vya damu na cheti chenye jina langu. Yeye ndiye mratibu wa mradi huku mpakani. Kuanzia leo mtu anayehofia kuambukizwa virusi vya ukimwi hana lazima ya kwenda hospitali. Anaingia dukani kwangu kama anayetaka dawa ya kikohozi, namtoboa kidole katika kile chumba cha nyuma, na nikimkuta salama nampa vidonge vya kumkinga, kimoja kila siku. Basi, yameisha.

Hospitalini dawa hizi hutolewa kwenye dirisha moja na za wale walio na virusi tayari, na Malaba ina macho. Watu wanajua hilo dirisha kuliko wanavyojua mlango wa kanisa. Mimi nimekaa kwenye kaunta hii miaka mingi nikiuza Panadol na pampers, huku nikijua nani anaumwa na nini, na nani ataumwa mwakani, na siwezi kufanya lolote. Leo nimepewa kazi. Nimekipigilia cheti ukutani kando ya leseni ya duka. Mercyline, anayenisaidia kuuza, alikitazama akasema, "Sasa Madam, watu watasema hapa ndio tunauza ukimwi." Mercyline hana adabu hata chembe, na ndiyo maana nampenda.

Jumanne, Machi 4

Hakuna aliyekuja.

Ijumaa, Machi 7

Wa kwanza ni dereva Mganda, mnene, mpole. "Nyabo, hii dawa inaleta nguvu?" Nikamwambia inaleta usalama. "Basi nipe ya usalama, na ya nguvu pia nipe." Mercyline alilazimika kwenda kucheka nyuma ya rafu. Lakini alipimwa, akasikiliza vizuri, akaondoka na chupa yake mfukoni. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, Machi 11

Leo amekuja Nasimiyu. Yeye huuza njugu na mayai ya kuchemsha kwa madereva waliokwama kwenye foleni. Namjua kwa sauti kuliko kwa sura, maana hupita na beseni lake akiimba "mayai moto, mayai moto" hata kama yamepoa tangu jana. Aliomba Panadol, nikampa. Hakuondoka. Alisubiri Mercyline aende nyuma, kisha akainamia kaunta.

"Dada Hanan, ile dawa ya kukinga. Ni kweli uko nayo?"

Tukaingia ndani. Mume wake anaitwa Omuse, dereva wa lori la Juba. Anarudi nyumbani Adungosi mara moja au mbili kwa mwezi. "Ako na msichana huko Elegu, kwa njia ya Juba, hata picha yake nimeona kwa simu. Nikimwambia tutumie mpira ananiuliza kama nimekuwa malaya. Nifanye nini, dada? Nimkatalie? Atanirudisha kwetu." Na hospitali? Alicheka bila furaha. "Anayepeana dawa kwa hilo dirisha ni shemeji yangu. Ndugu ya Omuse wa kufuatana."

Nilimtoboa kidole. Tulipokuwa tunangoja, nje lori lilikuwa linapiga honi kama lina wazimu. Mstari mmoja. Yuko salama. Alikitazama kile kipimo muda mrefu, akasema, "Basi niweke hivi hivi, dada. Sitaki kingine."

Nikamletea chupa. Akaitikisa, akanirudishia. Anaishi nyumba moja na mama mkwe, na mama mkwe huyo hufungua hata mkebe wa chumvi kuhakikisha ni chumvi. Chupa inayolia hivyo, yenye jina hilo, haiwezi kumaliza siku mbili. "Nitilie kwa bahasha ya kaki, kama dawa zingine. Uandike presha. Presha kila mtu ako nayo."

Kanuni ninaijua. Mujib aliirudia kwenye mafunzo hadi tukachoka: dawa hii inakaa ndani ya chupa yake, na jina lake juu. Lakini bahasha za kaki ndizo mkate wetu sisi wa maduka ya dawa. Kila siku tunamimina vidonge humo na kuandika kwa kalamu. Na mbele yangu alikaa mwanamke ambaye angeiacha dawa mezani kama singefanya alivyoomba. Nikamimina. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Presha. 1 x 1. Jioni.* Nilijiona mjanja sana.

Jumamosi, Machi 22

Mvua imefika. Ilianza adhuhuri, ikapiga mabati hadi sikusikia wateja wanataka nini. Mkia wa foleni uko Amagoro. Madereva wamejifungia ndani ya malori na barabara imekuwa uji.

Jumatatu, Machi 31

Idd. Nimefunga duka, nimekula pilau mpaka nikaona aibu.

Jumatano, Aprili 2

Nasimiyu amerudi kabla ya wakati wake. Anasema nyumba inavuja, bahasha ililowa, vidonge vikawa unga. Nilimkaripia. Nilimwambia dawa si njugu, huwezi kuiacha popote. Aliinamisha kichwa akasema, "Pole, dada." Nikampima: mstari mmoja. Omuse amekuwa nyumbani siku chache na ameondoka tena. Nikampa bahasha nyingine, na mfuko wa nailoni wa kuzuia maji.

Jumanne, Aprili 8

Mvua. Wateja wawili wapya wa kinga: mwendesha boda na mwalimu wa nasari. Mwalimu alikuja amejifunga leso hadi puani.

Alhamisi, Aprili 10

Leo nimechambuliwa na bibi kizee. Aliingia akiwa amelowa chapachapa, akaketi bila kukaribishwa, akanyoosha mkono. "Nipime presha. Na uache kufinya, mimi si embe." Mashine ikanionyesha namba nisizozipenda. Nikamwuliza kama anatumia dawa.

"Kila jioni. Sijawai ruka."

Nikamsifu kwa hilo. Nikamwambia huenda dawa imekuwa ndogo, aende zahanati waiongeze. Akasema zahanati ya kwao haijakuwa na dawa ya presha tangu mvua ianze, lakini yeye hana shida, nyumbani zipo. Kisha akaniangalia kutoka kwenye hijabu mpaka kwenye viatu. "Wewe msichana, uko na duka, uko na meno, mbona huna bwana?" Mercyline alikaribia kuanguka kwa kicheko. Nilimtilia bibi chai ya rangi, akainywa yote, akasema haina sukari.

Mwanamke kama huyo ndiye dawa ya siku ya mvua. Natumaini atarudi.

Ijumaa, Aprili 18

Ijumaa Kuu. Wakristo wamepita na msalaba kwenye matope, malori yamewapisha. Nimewahudumia watu wa kinga asubuhi yote: wahudumu wa baa, mke wa askari, kijana wa kubadilisha fedha aliyenishika mkono kwa nguvu nilipomtoboa. Mujib alipiga simu kunipongeza. Amesema duka langu ndilo linalofanya vizuri kuliko yote ya mpakani, na wakubwa wakiridhika, kila duka la dawa lenye mfamasia litaruhusiwa. Sauti yake naipenda. Haya, nimeandika.

Jumamosi, Aprili 26

Maji yameingia dukani. Tumeinua katoni juu ya meza.

Jumatatu, Aprili 28

Nitajaribu kuandika sawasawa.

Asubuhi aliingia mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, macho mekundu. Hakusalimia. Aliweka bahasha ya kaki juu ya kaunta, akailaza vizuri kwa kidole, kama mtu anayepanga karata.

"Huu mwandiko ni wako?"

Nikauona. Nikasema ni wangu.

"Mimi ni Omuse. Mama yangu ameanguka juzi. Upande mmoja wote umekufa, mdomo umeenda kando. Hospitali wameniuliza, mama anatumia dawa gani? Nikakimbia nyumbani nikaleta hii. Sista akamwaga kwa mkono, akaniangalia, akaniuliza, 'Mama yako ako na ukimwi?'" "Mama yangu, daktari. Mbele ya watu."

Sikuelewa upesi. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Yule bibi. Namba zile. *Kila jioni, sijawai ruka.*

Huku kwetu dawa ya presha haina mwenyewe. Wamama wanagawiana baada ya kanisa, jirani anamkopesha jirani kama kibiriti, na hakuna mtu anayemficha mama mkwe. Zahanati ilipoishiwa, Anyait, kwani hilo ndilo jina la yule bibi, aliiona bahasha ya mkaza mwanawe yenye mwandiko wa duka, akaambiwa ni ya presha, akanyoosha mkono. Nasimiyu angesema nini? Angemnyima mama dawa ya presha? Au angesema ni dawa ya nini? Akampa. Akampa kila jioni kwa karibu mwezi mzima. Na mama hakununua nyingine, maana aliamini anayo. Mimi nikampima, nikamsifu, nikampa chai, na sikumwambia, "Niletee hizo dawa nizione." Swali la kwanza kabisa ambalo mwanafunzi wa famasia hufundishwa.

Omuse hakupiga kelele. Ningefurahi angenipiga. Alisema tu, "Mama hajui kusoma. Alisema mwandiko wa kemisti ni mwandiko wa kemisti." Akaichukua bahasha yake, akatoka kwenye mvua.

Mercyline alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

Jumanne, Aprili 29

Nasimiyu amekuja kwa mlango wa nyuma, jicho moja limevimba. Sikumwuliza.

"Sikujua itakuwa hivi, dada. Nilifikiria hata kama haimsaidii haitamdhuru. Hata ile bahasha haikulowa, zilikuwa zinaisha; nilikuwa naruka siku zingine ili zitutoshe sisi wawili."

Kwa hiyo zile siku Omuse alipokuwa nyumbani, yeye mwenyewe alikuwa nusu ya kinga. Nilimpima, nikaharibu kipimo cha kwanza. Cha pili kikatoa mstari mmoja. Tulikaa sakafuni wote wawili, na tukalia, yeye kwa sababu yake na mimi kwa yangu. Kisha nikampa vidonge katika chupa yake, na jina lake juu, akaifunga ndani ya leso. Alisema, "Hata wakiona, sasa washajua."

Jumatano, Aprili 30

Mujib amekuja na watu wawili kutoka ofisini. Hakuniangalia usoni. Waliuliza, nikajibu kila kitu, sikuficha hata neno. Mmoja alipiga picha zile bahasha tupu. Kisha wakazitia dawa zote za kinga na vile vipimo kwenye kabati la chuma la chumba cha nyuma, wakafunga, wakazungusha utepe wa karatasi na kuweka sahihi juu yake. Kupima na kutoa dawa kumesimamishwa hapa na katika maduka mengine yote ya mradi mpakani hadi uchunguzi uishe.

Nikasema, "Yote? Wengine wamekosa nini?"

"Hanan, kuna watu walikuwa wanangoja kosa moja tu waseme maduka hayawezi. Umewapa." Alisema kwa upole, na upole wake nimeuchukia. Mlangoni alirudi hatua moja. "Usiguse hilo kabati. Ukiligusa, hata leseni ya duka itaenda."

Jumatatu, Mei 5

Mwalimu wa nasari amekuja kuchukua dawa. Nimemwelekeza hospitali. Amesema ahsante.

Jumanne, Mei 6

Mwendesha boda. Hospitali. Ahsante.

Alhamisi, Mei 8

Nasimiyu amefukuzwa. Amerudi kwao Bukhayo na beseni lake na nguo zake. Mercyline ameyasikia sokoni na kuniletea kama habari ya msiba, nami nimemwambia alhamdulillahi. Ndiyo, nimesema hivyo. Akiwa kwao Omuse hawezi kumgusa. Akiwa kwao yuko salama hata bila mimi. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Jumatatu, Mei 12

Mvua. Mhudumu wa baa amenitukana mbele ya watu, kwamba nimewaharibia. Ana haki.

Ijumaa, Mei 16

Nasimiyu amerudi.

Anyait ametolewa hospitali. Hawezi kujigeuza, hawezi kujiosha, analishwa kwa kijiko. Dada zake Omuse wote wana waume zao mbali, na hakuna mwanamke mwingine wa nyumba ile. Basi Omuse alienda Bukhayo na wazee wawili, si kuomba msamaha, bali kusema kwamba aliyemwangusha mama aje amwinue. Wazee wa kwao Nasimiyu wakaona ni maneno ya haki. Leo ana siku ya tatu kule Adungosi. Omuse yuko nyumbani, lori lake linatengenezwa.

Alisimama mbele ya kaunta, si mlango wa nyuma. Amekonda. Mikono inanuka sabuni ya kipande.

"Ile chupa Omuse aliitupa chooni. Nipe zingine, dada. Nitakunywa hapa hapa kwako kila siku nikija kuuza mayai, sitabeba kitu."

Wazo zuri. Wazo ambalo ningelifikiria mimi tangu Machi kama ningekuwa na akili. Nikamweleza kuhusu kabati na utepe.

"Utepe wa karatasi?"

"Wa karatasi."

Mercyline akaingilia, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Madam, tafadhali. Wakifunga duka mimi naenda wapi? Wewe unaenda wapi?" Nami nikajificha nyuma ya maneno ya Mercyline kama mtoto nyuma ya leso ya mama. Nikamwambia Nasimiyu aende Busia, kule hakuna anayemjua.

"Nitaenda Busia saa ngapi? Mama anaoshwa asubuhi, anageuzwa, anabadilishwa. Nikichelewa kidogo Omuse anapiga simu."

"Mipira?"

Akanitazama kama nimemtania.

"Basi nenda hospitali yetu hapa. Shemeji yako ameshajua kila kitu, utaficha nini tena?"

"Ameshajua ya mama. Akiniona tena kwa hilo dirisha atamwambia Omuse bado naendelea." Akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Mimi pia nikautazama. Ufunguo wa kabati ninao, waliniachia, kwa sababu ndani kuna dawa nyingine ninazozihitaji na hizo ninaruhusiwa kuzitoa mbele ya Mujib.

"Nenda hospitali, Nasimiyu," nikasema. "Kesho. Utaenda?"

Akasema, "Sawa, dada."

Alisema sawa. Naandika hapa kwamba alisema sawa.

Jumamosi, Mei 17

Nimemwuliza Mercyline kama amesikia Nasimiyu ameonekana hospitali. Hajasikia.

Jumatatu, Mei 19

Nimempigia Mujib. Nimemweleza habari yake bila kutaja jina. Akasema anaelewa sana, atalipeleka juu. Nimemwuliza juu ni wapi. Amekata simu, au laini imekatika.

Alhamisi, Mei 22

Mvua imepasua ukingo wa mtaro, maji yamejaa barabarani mpaka kwenye taya za malori. Nilikaa chumba cha nyuma nikiutazama utepe. Ni karatasi tupu. Unyevu umeshaanza kuubandua pembeni, ungeanguka wenyewe kama ningeusaidia kidogo. Sikuusaidia. Nilirudi kaunta nikauza dawa ya minyoo.

Jumanne, Mei 27

Lori la Omuse limetengenezwa. Mercyline ameliona likivuka mpaka.

Jumapili, Juni 1

Nimekwenda Adungosi kumwona Anyait. Nilimbebea sabuni, sukari na dawa yake halisi ya presha. Nilitegemea nitatukanwa. Nyumba ni safi, inanukia dettol, na bibi amelazwa kwenye godoro karibu na dirisha, mdomo umevutwa upande. Aliponiona alitoa sauti ndefu isiyo na maneno. Nasimiyu alimpangusa udenda, akamwinamia, akasikiliza.

"Anauliza kama umeolewa."

Nilicheka, halafu nikashindwa kuzuia machozi, nikaenda kusimama nje kwenye matope mpaka yakaisha. Ningependa yule mama anichukie. Hajui kwamba ni mimi. Au anajua, na amenisamehe. Yote mawili yananiumiza.

Nasimiyu alinisindikiza mpaka barabarani. Sikumwuliza kama alienda hospitali. Alikuwa na mengi mikononi, na mimi niliona afadhali kuzungumza juu ya mahindi, kwamba yamefanya vizuri mwaka huu.

Jumanne, Juni 10

Nasimiyu ana homa. Amekuja amejifunika leso mbili na jua linawaka. Koo linauma, ana upele mwembamba kifuani, tezi za shingo zimevimba chini ya vidole vyangu. Anasema ni malaria ya mvua. Nimempima malaria: hana.

Nikapima tena. Hana.

Najua ninachokiona. Nilifundishwa mwezi wa pili, na slaidi zilikuwa na picha. Nikamwambia lazima apimwe kile kipimo kingine, akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Wewe si umekatazwa?" Nikasema hospitali watampima. Akasema, "Sawa." Nimempa Panadol. Ndicho kitu nilichoruhusiwa kumpa, na ameshukuru.

Jumatano, Juni 11

Nimeshindwa kusali. Nimekaa tu kwenye mkeka.

Jumatano, Juni 25

Mvua zimeisha kweli. Foleni imesogea, barabara inaanza kukauka na kutoa harufu ya dizeli. Mujib amekuja na barua. Uchunguzi umekamilika, maduka mengine yataendelea mwezi ujao. La kwangu halimo. Yeye mwenyewe alikata ule utepe, akahesabu chupa, akazitia kwenye katoni. Hakuna hata moja iliyopungua. "Nimefurahi hukugusa," akasema. "Nitaliandika hilo kwa ripoti, linakusaidia." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na ni mtu mwema, sasa nauona wema wake wazi, na kama kungekuwa na kitu kizito karibu ningemrushia.

Cheti nimekiondoa mwenyewe. Kimeacha mraba msafi ukutani.

Jumanne, Julai 8

Jua kali. Nasimiyu amekuja kuchukua dawa ya presha ya Anyait, imekwisha. Hana homa tena, amenawiri hata, mtu asiyejua angesema amepona. Mercyline alimtolea stuli na kumpa soda bila kuombwa, kisha akaenda nyuma.

"Nilienda hospitali Ijumaa," Nasimiyu akasema. "Shemeji ndiye alinipima. Ni mistari mbili, dada."

Nilijua tangu ile siku ya homa. Kujua hakukunisaidia kitu. Nilisema pole, nikasikia jinsi neno lenyewe lilivyo dogo. Nikamwuliza kama ameanzishiwa dawa, akasema ndiyo, siku hiyo hiyo. Na Omuse? "Omuse anasema nimemletea mimi." Alisema bila hasira, kama anayeeleza bei ya mayai. Bado anamwosha mama yake. Mama ameanza kusogeza kidole kimoja.

Nikampimia dawa za Anyait. Zina chupa yao, na jina lao juu. Nilikuwa nabandika karatasi ya maelezo aliponiuliza, polepole, bila kuinua sauti.

"Dada Hanan. Ile siku uliniambia niende hospitali. Nataka tu kujua. Ulijua siendi?"

Ningeweza kumwambia mambo mengi. Utepe, leseni, Mercyline, onyo la Mujib. Yote ni kweli. Lakini alikuwa ananitazama, na tangu Machi nilikuwa nimemwandikia uongo wa kutosha.

"Nilijua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa na jibu lake tayari na alitaka kulisikia tu. Akamaliza soda. Akaichukua chupa, akaigeuza, akajaribu kusoma nilichoandika.

"Hii ya mama ni kabla ya chakula ama baada?"

Nikamwambia hakuna tofauti.